Kiingereza cha Warina Asali

Asali ya kikundi cha shangazi yangu ilikataliwa kwa Kiingereza, na hilo lilimuuma kuliko kukataliwa kwenyewe. Mnunuzi alichovya kijiti kwenye ndoo, akanusa, akaonja, akamwambia mratibu wa mradi maneno machache. Mratibu akawageukia akina mama akasema, "Haijapita. Ina moshi." Gari likaondoka. Shangazi alibaki na kifuniko cha ndoo mkononi. Majibu alikuwa nayo, ila hakuna hata moja lililokuwa katika lugha iliyotumika kumkatalia.

Moshi ulikuwemo kweli, na hakubisha. Wakati ule walikuwa bado wanafukiza nyuki kwa kinyesi cha ng'ombe na matambara, wakipuliza mpaka mzinga unatoa moshi kama jiko lenye kuni mbichi. Walijua nyuki watatulia. Hawakujua kwamba asali hunywa harufu. Baada ya gari lile kuondoka walikaa kikao, wakabadili kila kitu. Sasa wanatumia majani makavu tu, wanapuliza mara chache mlangoni mwa mzinga, kisha wanasubiri. Wakaweka na sheria ambayo sijaiona kwenye kikundi kingine chochote huku Kibondo: mwanamke anayeshika bomba la moshi siku hiyo haruhusiwi kusogelea ndoo wala chujio. Akimaliza anakwenda kuoga na kubadili nguo, na hata akikaa na wenzake anakaa upande unaokwenda upepo. Wanamtania kwamba ana eda ya moshi.

Mnunuzi angerudi msimu uliofuata. Shangazi alinipigia simu mapema.

"Nataka nimwambie mwenyewe," alisema. "Si kupitia kwa mtu. Kwa mdomo wangu, kwamba tumeacha, na tunavyofanya sasa. Akikataa tena, akatae akiwa amenisikia."

Mimi naishi Kasulu. Kazi yangu ni kupeleka habari redioni: bei ya mahindi, mvua ya mawe, kikao cha kata, lori lililokwama njia ya Manyovu. Kiingereza changu ni cha kusomea taarifa za watu wengine, lakini katika ukoo wetu mtu anayetembea na kinasa sauti anahesabiwa kuwa ameshamaliza lugha zote. Nikakubali. Jumapili za zamu yangu ya mapumziko nikawa napanda gari asubuhi, na ibada ikiisha nawakuta akina mama kwenye chumba chao cha kuchujia asali. Ni chumba kidogo kilichopakwa chokaa, kisafi kuliko zahanati nyingi nilizopata kuziandikia habari. Ubao waliazima kutoka shule ya Jumapili.

Nilianza kama nilivyoanzishwa mimi. Shuleni kwetu Kasulu tulipewa maneno ya Kiingereza kwa mistari, kama wanafunzi wakati wa paredi. Huku nomino, huku vitenzi, huku vivumishi, na ole wako uweke neno kwenye mstari usio wake. Nikachora mistari ile ile. Nikawaomba akina mama wanitajie vitu vya kazi yao, wakataja asali, mzinga, moshi, mavuno, chupa, lebo, ladha. Nikaandika kwenye mstari wa nomino: honey, hive, smoke, harvest, bottle, label, taste. Wakayatamka baada yangu kwa pamoja, vizuri kabisa, wakaenda nyumbani wamefurahi. Nami nilirudi Kasulu nikiona kazi ni nyepesi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya vitenzi. Tunafanya nini na asali? Tunafukiza, tunarina, tunaonja, tunaitia kwenye chupa, tunabandika lebo. Nikaanza kuandika: smoke, harvest, taste. Chaki ilikuwa bado kwenye neno la tatu.

"Baba," alisema shangazi. Ananiita hivyo kwa sababu nilirithi jina la baba yake. "Hayo si ya Jumapili iliyopita?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yalikuwa upande ule."

"Yalikuwa upande ule."

"Yamehama lini?"

Walicheka, nikacheka nao, kisha nikageuka ubaoni. Nilikuwa nimeyatumia maneno hayo miaka yote, na sikupata kumweleza mtu hata mara moja kwa nini neno moja linaweza kuwa kitu leo na kazi kesho bila kubadili hata herufi. Nilisema ndivyo lugha yao ilivyo. Lilikuwa jibu la uvivu, na nililiona linavyoanguka.

Shida haikuwa kwa akina mama. Mtu aliyekulia Kiha, akaongeza Kiswahili, amezoea neno linalofika limevaa. Ukisikia kufukiza, mwanzo wake tu umekwambia kuna kazi inafanyika. Ukisikia mfukizaji, unamwona mtu. Ufukizaji ni habari ya shughuli yenyewe. Shina ni lile lile, ila kila mmoja amebadili nguo kabla ya kuingia ndani, na hata mtoto anajua amkaribishe nani kwenye kiti gani. Kiingereza kinamleta smoke mtupu, hana kilemba wala kanga, halafu unaambiwa umtambue kwa mahali alipokaa.

Mama anayeshika bomba la moshi mara nyingi kuliko wenzake, ambaye alizaliwa kambini na wazazi waliotoka Burundi na leo ni raia kama mimi, alikuwa mwepesi kuliko wote kuuliza.

"Kwa hiyo ukikutana nalo peke yake njiani, huwezi kulijua?"

"Huwezi."

"Basi hata salamu yake ni shida."

Shangazi alitikisa kichwa. "Hawa maneno yao ni vibarua," alisema. "Leo analima, kesho anabeba matofali, keshokutwa umemkuta getini ni mlinzi. Ukimuuliza kazi yake anakuuliza wewe unataka nini."

Sijasikia mwalimu wa Kiingereza akilieleza jambo hili vizuri zaidi, lakini siku hiyo halikunifurahisha. Nilikuwa nimechoka, gari la kurudi lilikuwa karibu kupita, na mistari yangu mitatu ubaoni haikuwa na maana tena. Niliifuta kwa kiganja. Nikawaambia tuachane na aina za maneno. Tutazame jirani wa mbele tu. Neno likitanguliwa na the, hicho ni kitu: the smoke, the harvest. Likitanguliwa na we, hapo kuna watu wanafanya kazi: we smoke, we harvest. Kabla ya kuuliza neno ni nini, tafuta kwanza mtu. Kama mtu yupo mbele yake, ni kazi. Kama hayupo, ni kitu kimekaa.

Kanuni hiyo ilitupeleka Jumapili kadhaa. Walikaa wawili wawili wakijaribiana, mmoja akisema the bottle na mwenzake akiinua chupa, mmoja akisema we bottle na mwenzake akiigiza kumimina. Hata shangazi alianza kuamini kwamba mambo yana njia. Kisha nikataka kuwafundisha namna ya kusema harufu ya moshi, kwa kuwa ndiyo iliyowakosesha soko, nikaandika smoke smell. Nilijua nimejitia matatani kabla sijaweka nukta. Hapo smoke hakuwa na the wala we. Alikuwa amekuja kumpamba mwenzake, kama kivumishi. Na huyo mwenzake, smell, naye ni kibarua: kuna harufu, na kuna kunusa.

"Yupi anafanya kazi hapo?" aliuliza shangazi.

"Hakuna."

"Wamekaa wote wawili?"

"Mmoja amekaa, mmoja amemwegemea."

Akaguna. Alisema yeye ana nyuki wa kuangalia, na kama Wazungu wameshindwa kuyapangia maneno yao kazi, hatawasaidia. Akavaa kandambili zake akatoka. Nilimwona kupitia dirisha amesimama karibu na ndoo zilizoanikwa, midomo ikicheza. We smoke. We stop. We wash. Alikuwa anajisemea.

Baada ya hapo kazi ilinibana nikakosa Jumapili kadhaa. Niliporudi nilikuta wamepiga hatua, ila kwa njia yao. Akina mama wale wote ni wanakwaya wa kanisa moja, na kwaya za huku hazijifunzi kwa karatasi. Wimbo huvunjwa vipande, kila sauti inapewa chake, na mtu hakariri cha mwenzake. Sauti ya kwanza haijui sauti ya nne inasema nini mpaka wakutane. Hivyo ndivyo walivyoyakariri maelezo ya Kiingereza niliyokuwa nimewaandikia wamwambie mnunuzi. Shangazi alianza peke yake, "We," akaivuta kidogo. Sauti ya kwanza wakaingia na smoke, ya pili wakapokea little, wale wa chini wakanguruma dry grass, dry grass. Na shangazi tena, "We," wakaingia stop, wakaingia wash, mpaka honey ikamalizwa na wote kwa amina ndefu ambayo haikuwamo katika nilichoandika.

Ilikuwa nzuri. Siwezi kusema vinginevyo. Na nilikasirika kiasi kwamba sauti yangu ilibadilika. Nilimwita mama mmoja wa sauti ya pili nikamwomba aseme sentensi nzima peke yake. Alisema little. Nikamwambia, kabla ya hapo? Akawatazama wenzake wa sauti ya kwanza, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba ya jirani.

"Shangazi," nilisema, "huyu mtu haji kusikiliza kwaya."

"Ni ya kukumbukia tu, baba. Siku yenyewe nitasema mwenyewe. Hawa watanyamaza."

Wote wakaitikia kwamba watanyamaza. Na kweli shangazi alikuwa na kipande chake na vipande vya wengine wote. Nilimjaribu mbele yao, akasema yote kavukavu bila kuimba, kwa Kiingereza kilichopindapinda lakini kilichosimama. We smoke little. We use dry grass. We stop. We wait. The woman of smoke, she wash. After, we harvest. Nilimwachia she wash kama ilivyo. Mnunuzi angeelewa.

Siku ya ugeni niliomba ruhusa kazini nikaja na kinasa sauti, nikiwa mwandishi na mpwa kwa pamoja. Gari lilifika jua limeshapanda. Alishuka mnunuzi, mtu mrefu mwenye buti za vumbi na tabasamu la mtu aliyechoka na barabara, na mratibu, kijana wa miaka yangu, mwenye adabu, anayelipenda eneo letu kwa dhati. Simsemi vibaya. Alikuwa ameagiza kwa ujumbe wa simu kwamba wageni watakunywa maji tu, kwa sababu wana kikundi kingine cha kuona siku hiyo hiyo. Akina mama waliusoma ujumbe, wakaujibu sawa, na wakapika.

Kwetu mgeni haelezwi shida kabla hajala. Ukimweleza akiwa na njaa ni kama unamdai, na naye akikukubalia umemkamata mateka. Kwa hiyo mkeka ulikuwa umeshatandikwa, ugali wa muhogo umeshafunikwa, kuna migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, iliyokaushwa vizuri ikapikwa kwa mawese, na maharage. Mratibu aliangalia simu yake. Mnunuzi aliangalia mkeka, akavua buti.

Alikula, na alikula polepole na kwa furaha, akiuliza jina la kila kitu na kulirudia. Alimaliza mgebuka mmoja akapewa wa pili. Shangazi alimsimamia akihakikisha mchuzi haupungui, na mimi nilikaa ukutani nikiona muda wake wa kusema unavyokwenda kwa matonge. Nilijaribu kumnong'oneza kwamba aanze. Alinitazama kana kwamba nimemwambia amvue mgeni shati.

Waliponawa, mratibu alisimama.

"Mama, muda umetubana sana," alisema kwa upole. "Wewe sema kwa Kiswahili, kwa kifupi, mimi nitamfupishia."

Nikamwambia mama ameandaa kwa Kiingereza. Alinishika bega. "Kaka, ni vizuri sana, lakini muda." Shangazi alikuwa ameshafumbua kinywa. Akanitazama, akamtazama mratibu, kisha mgeni. Kumbishia mwenyeji wa mgeni mbele ya mgeni hakumo katika malezi yake. Akaanza kwa Kiswahili.

Alisema vizuri. Nimeyasikiliza tena kwenye kinasa sauti, na hakuna neno la kuondoa. Alieleza walivyokuwa wanafukiza na walivyoacha. Alieleza majani wanayotumia na jinsi wanavyosubiri nyuki watulie wenyewe. Alimwonyesha mama wa bomba, aliyekuwa amefukiza asubuhi ile na sasa amekaa mbali upande wake wa upepo, akaeleza kwa nini amekaa pale. Mratibu alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa. Akamgeukia mnunuzi.

Nilikuwa karibu na nilisikia kila kitu. Alisema kulikuwa na smoke issue. Alisema kuna awareness. Alisema bado kuna need ya training, support na follow-up. Alisema kwa heshima, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, na hakudanganya popote. Ila sentensi zake hazikuwa na watu. Need inaweza kuwa kazi, support inaweza kuwa kazi, ni vibarua kama alivyowaita shangazi, lakini yeye aliwakalisha wote kwenye viti vya vitu, wamekunja mikono. Wanawake waliokaa kikao, wakabadili majani, wakatunga sheria ya kuoga, walikuwa wamegeuka kuwa tatizo la moshi na hitaji la mafunzo. Nilijua kwa nini. Ndivyo ripoti zinavyoandikwa, na mimi mwenyewe nasoma za namna hiyo redioni kila siku. Nilikaa pale nimeshika kinasa sauti, nimekasirika, nisijue hasira hiyo niielekeze kwa nani.

Shangazi hakuelewa awareness wala issue. Lakini kwa muda wote ule alikuwa amefundishwa jambo moja: tafuta kwanza mtu. Alikuwa amelisikilizia neno moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu," alimwambia mratibu. "Sisi tuko wapi?"

"Vipi, mama?"

"Umemweleza. Sijasikia we hata moja. Sisi tuko wapi hapo?"

Mratibu alitabasamu, akasema, "Mama, mmo ndani yake, nimemwambia yote." Mnunuzi aliuliza kinachoendelea. Na hapo shangazi, ambaye sijapata kumwona akimpita mtu mwenye cheo, aliweka beseni la kunawia chini, akamgeukia mgeni, akavuta pumzi.

"We," alisema.

Aliivuta kidogo. Nadhani ilikuwa woga. Lakini akina mama walio nyuma yake walikuwa wameisikia We ile ile ikivutwa hivyo hivyo Jumapili zote nilizokosa, na miili yao haikuuliza. Sauti ya kwanza wakaingia na smoke. Ya pili wakapokea. Wale wa chini wakanguruma dry grass, dry grass, mabati yakatetemeka. Shangazi aligeuka akawapungia mkono wanyamaze, nao wakauona mkono kama mkono wa mwalimu wa kwaya, wakaongeza.

Mnunuzi alisimama. Uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli. Akatoa simu akaanza kuwapiga video, akianza na wao na kumaliza na shangazi, aliyekuwa katikati anasema kwa sauti yake kavu, we stop, we wait, na hakuna aliyemsikia. Mwanamke wa moshi aliimba kutoka kule alikotengwa, peke yake, she wash, she wash, kwa sababu hicho ndicho kipande alichopewa. Amina ilipoisha mgeni alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Akasema asanteni, kwa Kiswahili. Akamwambia mratibu kitu, na mratibu akatafsiri akiwa amefurahi pia: mgeni ameguswa sana na wimbo wa kumkaribisha.

Wakachukua kichupa cha asali ya kuonja, wakavaa viatu, wakaondoka.

Ugomvi ulianza vumbi halijatulia. Shangazi aliwaambia wamemwimbia mazishi. Mama wa sauti ya kwanza, ambaye ni mkubwa kwake kwa umri na hamwogopi, akamjibu, "Nani alianzisha? Mwenye wimbo akianzisha, sisi tufanyeje, tumwachie aibu?" Mwingine akasema kosa ni la mwalimu. Wakanitazama wote. Mama wa bomba akasema kwa upande wake ameimba vizuri, na kwamba wimbo wenyewe ulikuwa mfupi mno. Wengine wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikusanya sahani bila kumpa mtu yeyote hata moja ya kubeba.

Majibu yalikuja baada ya muda, kwa simu ya mratibu, nami nikasomewa. Asali ya kuonja ilikuwa safi, bila harufu yoyote. Mnunuzi alikuwa amefurahishwa sana na kikundi, na video aliwaonyesha watu kwao. Hata hivyo, kwa kuwa kulikuwa na habari ya tatizo la moshi, kabla ya kununua ingefaa kikundi kipate mafunzo kwanza. Angekuja kuwaona tena msimu ujao.

Nilimpigia mratibu. Nilimweleza kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwamba mafunzo hayo ni ya jambo ambalo kikundi kimeshalifanya, kwamba mama alilisema, kwamba ninalo kwenye kinasa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kaka, nakuelewa, lakini mafunzo si kitu kibaya, na yameshaingizwa kwenye mpango. Mwalimu alikuja kweli. Alitumia siku nzima kuwaeleza akina mama kwamba wasitumie kinyesi cha ng'ombe wala matambara, na kwamba anayeshika bomba ni vema asishike chujio. Waliitikia vizuri. Walimpikia.

Asali ile waliiuza rejareja, nyingine Kibondo mjini, nyingine mimi mwenyewe niliishusha Kasulu kwenye ndoo kwa wenye maduka. Haikukosa watu. Lakini shangazi hakuwa na habari ya watu. Alikuwa na habari ya mtu mmoja, ambaye ameondoka na video yake akiwa hajamsikia.

Nilipokwenda tena hakukuwa na ubao. Alikuwa peke yake. Akaniambia hataki tena maneno, anayo ya kutosha na hayamsaidii kama hapewi nafasi ya kuyatoa. Hataki kujua kipi ni kitu na kipi ni kazi.

"Nifundishe kumkatiza mtu," alisema. "Kwa Kiingereza. Akiwa katikati."

Nikamwambia ni rahisi. Anasema tu wait, mkono ukiwa juu, na mwingine akisikia anasimama. Tukajaribu. Mimi nikawa mratibu, nikaanza kusema kwa Kiingereza kirefu kuhusu mavuno na mahitaji. Yeye akakaa ananisubiri nimalize. Nilipomaliza akasema wait.

"Nimeshamaliza, shangazi."

"Ulikuwa unaongea."

"Ndiyo maana."

Tukarudia. Safari hii aliinua mkono nikiwa katikati, akasema wait, nami kabla sijasimama tayari alikuwa ameinamisha kichwa na kupiga makofi madogo ya viganja, yale ya kuomba radhi kwa mkubwa, jinsi alivyofundishwa kabla hajajua kutembea. Sikusimama. Nikaendelea kusema juu ya makofi yake, mahitaji, mafunzo, ufuatiliaji, kama mtu ambaye hajaona kitu.

"Mbona hunyamazi?" aliuliza. "Nimesema."

"Umesema, halafu umeniomba radhi. Ukiniomba radhi naendelea."

Alinitazama kwa hasira ambayo sijaizoea kwake, na kwa kitambo nilidhani atanifukuza. Akaitia mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Anza tena," alisema.